Jinsi ya Kufuatilia Kifuko cha Epidamoidi Ubongoni na Kutambua Mapema Kinapogeuka Saratani

Mgonjwa anayetoka kliniki ya ubongo mjini Kisumu, Nakuru au Eldoret akiwa ameambiwa kwamba kilichoonekana kichwani mwake ni kifuko kisicho cha saratani ana haki ya kushusha pumzi, kwa kuwa kwa wagonjwa walio wengi kauli hiyo hubaki kweli maisha yao yote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya jamaa anayemsindikiza hospitalini, ili wajue ni kifuko cha aina gani kinachopaswa kufuatiliwa, ni mabadiliko gani ya kuyatilia maanani, na ni mambo gani ya kudai pale ambapo, kwa nadra sana, saratani imeota kutoka katika ukuta wa kifuko hicho. Haukusudiwi kuchukua nafasi ya daktari. Unakusudiwa kumfikisha mgonjwa mbele ya daktari akiwa na picha zake zote, tarehe zake zote na maswali yanayofaa.

Jueni kwanza ni kifuko cha aina gani

Kauli kwamba "ana kifuko kichwani" haitoshi, kwa sababu vifuko vya ubongoni ni vya aina nyingi na hatari zake hazilingani. Kifuko cha araknoidi hujaa maji yaleyale yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na mara nyingi hugunduliwa kwa bahati tu, mtu alipopigwa picha baada ya ajali ya bodaboda. Hakina desturi ya kugeuka saratani, na wengi huishi nacho bila kukijua. Kifuko cha koloidi hukaa karibu na mlango ambapo maji ya ubongo hupitia, na hatari yake ni kuuziba mlango huo ghafla. Katika upande wetu wa magharibi mwa Kenya kuna aina nyingine isiyofaa kusahauliwa hata kidogo, nayo ni vifuko vya mabuu ya tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye watafiti wamemthibitisha katika nguruwe wa Busia. Binadamu huambukizwa vifuko hivyo kwa kumeza mayai ya tegu yaliyotoka katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo, wala si lazima awe amekula nyama ya nguruwe. Mtu mzima aliyeanza kuanguka kifafa na ambaye picha yake inaonyesha vifuko vidogo vidogo anastahili kuulizwa habari za choo, maji na ufugaji wa nyumbani kwake kabla hajatishwa na neno saratani, kwa maana ugonjwa huo una dawa zake na njia yake ya matibabu.

Kifuko tunachokizungumzia hapa ni cha epidamoidi. Hutokana na chembe za ngozi zilizonaswa ndani wakati mrija wa neva wa mimba, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, unapojifunga, baina ya wiki ya 3 na ya 5 ya ujauzito. Ukuta wake una seli bapa za aina ileile inayofunika ngozi ya nje, na seli hizo huendelea kufa na kubambuka bila ya kuwa na mahali pa kutokea, hivyo kifuko hujaa keratini na kolesteroli. Daktari wa upasuaji anapokifungua hukutana na kitu cheupe kinachong'aa, chenye magamba laini yanayopukutika kama nta iliyokauka. Ndiyo maana Mfaransa Jean Cruveilhier, katika mwaka wa 1829, alikieleza kuwa uvimbe wa lulu. Vifuko hivi ni takriban asilimia 1 ya uvimbe wote unaoota ndani ya fuvu, na mahali pake panapopendelewa ni ile pembe iliyo baina ya ubongo mdogo na shina la ubongo, zinakopita neva za uso, za kusikia na za mizani ya mwili. Ndugu yake, kifuko cha damoidi, huwa na mafuta na mara nyingine nywele, na hukaa zaidi katikati ya kichwa.

Epidamoidi hukua kwa mwendo wa ngozi inavyojibambua, yaani polepole mno, na mtu anaweza kufikisha miaka 30 au 40 kabla ya dalili ya kwanza. Saratani haina subira hiyo. Mabadiliko ya kugeuka saratani yalielezwa kwa mara ya kwanza na mtafiti Ernst katika mwaka wa 1912, na tangu hapo kinachojulikana kimetokana na taarifa za mgonjwa mmoja mmoja na makundi madogo, hali inayoonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo nadra. Saratani yenyewe kwa kawaida ni kasinoma ya seli bapa, yaani saratani inayoota kutoka katika seli za aina ileile iliyo kwenye ukuta wa kifuko. Huweza kuonekana mara ya kwanza kifuko kinapogunduliwa, au ikazuka katika mabaki yaliyoachwa baada ya upasuaji, miezi michache baadaye au hata baada ya zaidi ya miaka 30. Wataalamu wengi hudhani kwamba mwasho wa muda mrefu, unaotokea yaliyomo kifukoni yanapovuja na kugusa sehemu za jirani, una mchango wake, lakini hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumwambia mgonjwa kwamba chake ndicho kitakachogeuka. Ulinzi uliopo ni kulinganisha: picha ya leo na ya zamani, mwili wa leo na wa mwaka jana.

Zitunzeni picha, wala si ripoti peke yake

Picha ya MRI ndiyo inayotegemewa, na ni vyema ijulikane inavyosomwa angalau kwa juu juu. Katika mifuatano (namna za kupiga picha hiyo) inayoitwa T1 na T2, epidamoidi hufanana sana na maji ya ubongo, na kwa sababu hiyo huweza kudhaniwa kuwa araknoidi. Tofauti hujitokeza katika mfuatano wa FLAIR, ambapo maji halisi huzimika na kuwa meusi ilhali epidamoidi haizimiki kikamilifu, na hasa katika mfuatano wa DWI, ambapo epidamoidi hung'aa kwa weupe. Picha iliyopigwa bila DWI haijajibu swali, na mgonjwa anaweza kumwomba daktari aiandike DWI katika fomu ya maombi kabla hajalipa.

Jambo la pili, nalo ndilo zito zaidi, ni dawa ya gadoliniamu inayodungwa mshipani katikati ya kipimo. Epidamoidi ya kawaida haiwaki, yaani haionekani nyeupe zaidi pichani, baada ya dawa hiyo, au huonyesha ukingo mwembamba tu. Sehemu nene inayowaka, hasa kama katika picha ya awali haikuwaka, ndiyo alama inayowafanya madaktari washuku saratani. Na mara nyingi sehemu hiyo pia hupoteza ule weupe wa DWI uliokuwapo zamani. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo jamaa atafute katika ripoti neno "enhancement", yaani kuwaka huko, na aulize waziwazi: je, dawa ilidungwa, ni kitu gani kilichowaka, na mwaka uliopita kilikuwa kikiwaka? Kabla ya kudungwa, mgonjwa mwenye ugonjwa wa figo au kisukari cha muda mrefu apimwe kiwango cha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Gharama ya dawa ndiyo inayowafanya wengine waombe kipimo kisicho nayo. Kwa maoni yangu, kwa mgonjwa wa epidamoidi ambaye dalili zake zimebadilika, kuokoa fedha hapo ni kununua picha isiyoweza kujibu swali lililompeleka.

Ombeni CD ya kila kipimo siku ileile, iandikeni jina, tarehe na hospitali, na mzinakili faili zake kwenye flashi au kwenye kompyuta ya mtu mnayemwamini. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu huku imeegemezwa dirishani, nondo za dirisha zikionekana katikati ya ubongo, na kisha kutumwa kwa WhatsApp haimsaidii mtaalamu wa radiolojia kulinganisha chochote, kwa sababu viwango vya weusi na weupe anavyovitegemea vimekwisha kupotea. Hospitali ikisitasita kutoa nakala, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa mgonjwa haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu. Ombi la maandishi, lenye tarehe na nakala ya kitambulisho, kwa kawaida hufaa kuliko mabishano dirishani.

Ratiba hutofautiana kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine. Baada ya upasuaji hupigwa picha ya mwanzo katika miezi ya kwanza, ambayo ndiyo itakayolinganishwa na zote zitakazofuata, kisha hufuata vipimo vya kila mwaka, ambavyo huweza kupunguzwa miaka ikipita bila badiliko. Ambaye hajapasuliwa naye hupewa ratiba yake. Tarehe inayofuata iandikwe kabla ya kuondoka kliniki. Mtu asiambiwe tu kwamba arudi akiona shida.

Mambo ya kutazamwa nyumbani

Dalili za kifuko kilichokaa kwenye ile pembe hujificha ndani ya shughuli za kawaida. Mama anayeuza omena katika soko la Kibuye mjini Kisumu, ambaye siku zote alibana simu kwa sikio la kushoto huku mikono ikipima, anaanza kuihamishia kulia bila kujua sababu. Chai inateleza kwenye kona ya mdomo. Ukope mmoja unapapatika, shavu linakufa ganzi, au maumivu makali kama shoti ya umeme yanaruka usoni anapopiga mswaki. Anaona vitu viwili viwili anapotazama pembeni, au anapepesuka jioni hadi majirani wanadhani amelewa. Hizi zote huweza kuwa dalili za kifuko kilekile kisicho na saratani kikibonyeza neva, na kuwapo kwake peke yake hakuthibitishi lolote baya.

Kinachotofautisha ni mwendo. Dalili iliyochukua miaka kujitokeza ni ya epidamoidi. Dalili inayosonga kwa wiki, sikio likizibika mwezi huu, uso ukipooza mwezi ujao na kumeza kukianza kuwa shida baada ya hapo, haifanani nayo. Hali kadhalika mgonjwa aliyepasuliwa, akapata nafuu, kisha akarudi nyuma upesi kabla ya mwaka kwisha, hapaswi kuambiwa tu kwamba uvimbe umeota tena kabla hajapigwa picha yenye dawa. Kwa hiyo jamaa mmoja apewe daftari na aandike kila wiki mambo yaleyale: sikio lipi linasikia mlio wa simu ikiwa mbali, pande mbili za uso zinalingana vipi anapotabasamu mbele ya kioo, na kama anaweza kutembea akifuatisha ufa wa sakafu ya saruji, kisigino mbele ya kidole, mtu akiwa kando yake kumdaka. Maelezo ya "anazidi tu" hayampi daktari chochote, lakini "tarehe 3 alitembea hatua kumi, tarehe 24 alishindwa hatua ya tatu" humpa kasi ya ugonjwa, ambayo picha moja haiwezi kuionyesha.

Kuna mtego mmoja wa kwetu. Yaliyomo kifukoni yakivuja, huwasha utando wa ubongo na kuleta homa, kichwa kuuma na shingo kukakamaa pasipo kijidudu chochote. Ukanda wa ziwa ni ukanda wa malaria, na homa yenye kichwa kuuma hutibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. Kupima malaria ni sahihi, na homa ya uti wa mgongo ya bakteria nayo lazima itafutwe kwa haraka. Ila mhudumu wa zahanati hawezi kufikiria kifuko asichoelezwa. Mwambieni mlangoni, na mwonyesheni ripoti.

Kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika, usingizi usio wa kawaida, kifafa kipya, au kupaliwa na kila kinywaji ni mambo ya kupeleka mgonjwa siku hiyohiyo katika hospitali yenye CT scan na daktari wa upasuaji wa ubongo, kwa kuwa njia ya maji ya ubongo huenda imeziba na kuhitaji kuwekewa mrija wa kuyatoa. Aliyepata kifafa asiendeshe bodaboda wala gari, na asivue samaki peke yake.

Upasuaji na kinyama kinachopimwa

Hakuna picha inayothibitisha saratani hii. Uthibitisho hutoka kwa mwanapatholojia anayetazama kinyama kwenye darubini, na hapo ndipo familia za kwetu zina kazi ambayo vitabu haviitaji: mara nyingi jamaa ndiye anayekabidhiwa mkebe aupeleke maabara. Kabla ya upasuaji mwulizeni daktari kama sehemu iliyowaka kwenye picha itachukuliwa kando na magamba meupe, kwa sababu saratani huweza kuwa katika kipande kidogo cha ukuta, na magamba yakipelekwa peke yake majibu yatarudi kuwa ni epidamoidi tupu. Kinyama kiwe ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, si maji wala chumvi, na mkebe uandikwe jina, upande, na tarehe; usikae kwenye dashibodi ya matatu juani. Fomu ya maabara iseme kwamba inashukiwa epidamoidi imegeuka saratani, maana mwanapatholojia naye hutafuta alichoambiwa atafute. Daktari akiacha ukuta uliogandamana na shina la ubongo au neva, huenda ameamua vizuri, kwa kuwa kuung'oa kungemgharimu mgonjwa sauti, uso au uhai; mwulizeni tu aandike ni wapi alipoacha.

Majibu yakisema kasinoma ya seli bapa, swali linalofuata si la matibabu bado. Ni hili: je, seli hizi zilizaliwa hapa au zimetoka kwingine? Saratani za seli bapa za mapafu, za mlango wa kizazi, za kichwa na shingo na za umio (mrija wa chakula) huweza kusafiri, na sehemu za magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa zina saratani ya umio kwa wingi kuliko maeneo mengine mengi duniani. Kwa hiyo mgonjwa hufanyiwa CT ya kifua na tumbo, huchunguzwa pua, koo na masikio, mwanamke hukaguliwa mlango wa kizazi, na anayeona chakula kikikwama hupigwa kamera ya umio. Vigezo vilivyopendekezwa katika mwaka wa 1981 vinataka uvimbe uwe ndani ya utando mgumu wa ubongo, usiwe umepenya mfupa wala kuungana na sikio la kati au mianzi ya pua, na pasiwe na saratani katika koromeo la pua. Na kinachotia uhakika zaidi ni kuonekana kwa ukuta wa kifuko cha kawaida ukiendelea taratibu hadi kuwa saratani katika kipande kilekile.

Ombeni pia vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta pamoja na vioo vyake ili mwanapatholojia wa pili avitazame. Ugonjwa ni nadra kiasi kwamba daktari mzuri huweza kumaliza utumishi wake bila kuuona, na kuomba jicho la pili si kumdharau wa kwanza. Hili lifanywe kabla ya kuitisha harambee ya kwenda India. Nimeona changisho zikianza na neno saratani kabla hata mkebe haujafika maabara. Vioo na CD husafiri kwa bei nafuu kuliko mgonjwa na wasindikizaji wawili.

Matibabu yakianza

Msingi ni upasuaji wa kuondoa kadiri inavyowezekana kwa usalama, ukifuatwa na tiba ya mionzi. Taarifa zilizopo zinaonyesha kwamba wanaopasuliwa bila mionzi huishi miezi kuliko miaka, na wanaopata mionzi huishi muda mrefu zaidi, ingawa ugonjwa hubaki mkali. Tibakemikali hutumiwa na baadhi ya madaktari, lakini ushahidi wake ni mchache. Kabla ya kupanga mionzi, daktari aulizwe kuhusu MRI ya uti wa mgongo yenye dawa, kwa kuwa seli huweza kumwagika katika maji ya ubongo na kutambaa kwenye tando zake, na jambo hilo hubadilisha eneo lote la kutibiwa. Kufyonza maji ya mgongo kwa ajili ya kipimo hakufanywi mpaka shinikizo la kichwa lijulikane kuwa si hatari.

Mashine za mionzi zipo Nakuru, Eldoret na Nairobi. Matibabu ya kawaida huwa siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki sita, mgonjwa akilala kimya chini ya maski ya plastiki iliyofinyangwa kwa uso wake. Kwa anayetoka Siaya au Homa Bay, suala la mahali pa kulala ni sehemu ya matibabu na lisuluhishwe kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu siku zinazorukwa hupunguza nguvu ya tiba hiyo. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, huhitaji idhini ya awali kwa matibabu ya saratani, na kikomo chake huhesabiwa kwa kaya na kwa mwaka. Mwulizeni afisa wa hospitali kiasi kilichobaki kwa kaya yenu kabla ya kipimo chochote ghali kuandikwa. Majibu ya patholojia yasiyo na sahihi au yenye jina lisilolingana na kitambulisho huchelewesha idhini hiyo kuliko jambo lingine lolote.

Dawa ya deksamethasoni itakayotolewa kupunguza uvimbe hupandisha sukari na kuumiza tumbo, kwa hiyo inywewe pamoja na chakula na sukari ipimwe. Isikatwe ghafla hata mgonjwa akijisikia mzima, bali ipunguzwe kwa ratiba iliyoandikwa na daktari. Kisumu, Nakuru na Eldoret kuna hospisi zinazotoa dawa za maumivu, mofini ya kunywa ikiwemo, na ushauri wa jinsi ya kumlisha mtu ambaye koo limelegea. Mgonjwa anaweza kuandikishwa huko wiki ileile anapoanza mionzi, wala hatakiwi kuacha tiba moja ili apate nyingine.